Nyimbo Kumi za Ghalia binti Khalaf

Ghalia binti Khalaf anashona kofia. Ibra kuna soko la wanawake kila Jumatano, na sisi wanaume hatuingii, tunawangoja nje na magari mpaka wamalize shughuli zao. Kwa hiyo mahali anapokaa kuuza sijapaona, lakini kofia zake nazijua vizuri, nimezivaa tatu maishani mwangu. Kofia moja inamchukua miezi miwili. Anatoboa vitundu, kila kitundu anakizungushia uzi kwa sindano, na mtu mjuzi wa kofia akiiona kichwani mwa mtu huko Nizwa au Sur husema, hii ya Ghalia wa Ibra. Watu wengi wanamjua kwa hilo tu.

Mimi ni ami yake. Baba yake Khalaf na mimi ni watoto wa ndugu wawili, tulikulia Tabora, nyumba moja. Yeye alipata duka, mimi nikapata miguu. Tangu ujana sikai mahali. Hapa Oman vilevile, wiki Sinaw, wiki Nizwa, nikichoka nakwenda Sur kupunga upepo, na kila nikipita Ibra nalala kwa Ghalia. Kusoma nilisoma mpaka darasa la nne, basi nikikosea mahali mnivumilie. Habari hii naiandika kwa sababu naijua, na kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni langu.

Duka la Khalaf lilikuwa la vipuri vya baiskeli, lakini nyuma kulikuwa na rafu ya sahani za santuri. Watu wa Tabora walitaka muziki wa dansi, na walitaka kantri. Walioletwa wadogo kutoka Unguja nikiwaambia hivyo wananicheka, wanadhani nawatania, lakini wallahi kule bara kantri ilipendwa na makarani wa reli, walimu, mpaka wachunga ng'ombe. Na katika sahani zile kulikuwa na moja ya mwanamke wa Kimarekani, jina lake siwezi kulitamka nikalipatia, naliacha. Kwenye picha ya jalada amekaa kwenye ngazi ya mbao, gitaa mapajani, viatu vimejaa vumbi. Nyimbo kumi, tano upande huu, tano upande ule, na zote kazitunga mwenyewe.

Ghalia alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Ile sahani haikuuzwa hata siku moja, kwa sababu kila mteja akiiulizia yeye alikuwa anasema ina mkwaruzo. Siku moja nilimkuta nyuma ya duka ameiweka inazunguka, kiwiko cha mkono kwenye goti, anasikiliza.

"Ami," akaniambia, "huyu hasemi kwa mafumbo."

"Anasema nini?"

"Anasema mama yake anafua. Wimbo mzima mama anafua, mwisho anaanika. Basi."

"Na huo ni wimbo?"

"Ndiyo maana nasikiliza. Nataka kujua umekuwaje wimbo."

Sisi tumezoea wimbo wenye kumpiga mtu kijembe, au wa kumsifu bwana harusi, au kasida. Huyu Mmarekani alikuwa anaimba mume kachelewa, nyumba imeuzwa, basi limepita bila kusimama. Ghalia akazijua zote kumi. Kiingereza alikuwa nacho cha shule. Karani mmoja wa reli, Mgoa, alipohamishwa akamuuzia Khalaf gitaa lake, na mtoto akajifunza kwa kuweka sahani, kusimamisha, kujaribu, kuweka tena, mpaka jirani wakaomba asimame kidogo wapumzike.

Mwaka wa sabini na sita tukaja Oman. Gitaa tulilifunga kwenye blanketi mbili. Sahani Ghalia aliishika mwenyewe kwenye ndege, mapajani. Lakini kutoka uwanjani mpaka Ibra tulipanda gari la wazi nyuma, mwezi wa saba ambao huku jua ni la kuchoma, njia yenyewe bado ya mawe na vumbi, akaiweka juu ya magunia ili asiivunje. Tulipofika alikuta imejikunja kama bakuli. Tukaiwekea mawe siku tatu inyooke. Haikunyooka. Baadaye mama yake akawa anatilia ndani yake maganda ya vitunguu.

Hapo ndipo nyimbo zake zilipoanza, ingawa mwenyewe hasemi hivyo. Alikuwa anaziimba zile za Mmarekani kwa kukumbuka, na kila mwaka anasahau maneno kidogo, na pale aliposahau akawa anajaza kwa Kiswahili. Ikafika siku Kiingereza kimekwisha chote na sauti nayo imebadilika, na wimbo ni wake.

Aliposwa na Marzouq mwaka wa sabini na nane. Marzouq naye mzaliwa wa Tabora, karani wa serikali hapo Ibra, mtu mwembamba, mtaratibu, akisema neno hulirudia mara moja kisha halirudii tena. Alikuja kwa Khalaf, mimi nikiwepo, akasema:

"Nimesikia binti ana gitaa. Simkatazi. Apige nyumbani, apige kwenye harusi za wanawake wenzake. Lakini sauti ya mke wangu wanaume wa nje wasiisikie. Wakiisikia, gitaa nalifunga. Ami Hamed, wewe ndiye shahidi wangu."

Nikasema sawa, mimi shahidi. Ghalia akaulizwa, akakubali. Na kwa muda wa miaka kumi na saba neno lile lilikaa vizuri, hakuna aliyelivunja. Alikuwa akipiga mchana Marzouq akiwa kazini, na kwenye harusi za wanawake, ambako hakuna mwenye ruhusa ya kupiga picha wala kunasa sauti. Marzouq mwenyewe hakuwahi kumwambia hebu niimbie. Nilidhani hapendi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nyinyi wa siku hizi mna simu mfukoni. Sisi tulikuwa tunaandikiana barua kwa kanda. Unaweka kaseti kwenye redio, unabonyeza, unasema, "Asalaam aleikum mama, hapa sote wazima," unaeleza nani kazaa, nani anaumwa mgongo, watoto wanasalimia mmoja mmoja, kanda ikibaki unajaza kwa kasida. Kisha unampa anayesafiri. Na kwa kuwa joto la ndani ya gari limeharibu barua nyingi, tulikuwa na desturi kanda tunainakili kwanza dukani. Moja inakwenda, moja inabaki nyumbani.

Ghalia ana dada yake, Asya, kaolewa Sur. Mwaka wa tisini na tano Asya alivunjika mguu, akalazwa kitandani miezi, akapeleka salamu kwamba anakufa kwa kuchoka kuangalia dari. Ghalia akamfanyia barua ya kanda, lakini safari hii hakuweka habari za nani kazaa. Aliweka nyimbo. Alikaa jikoni mchana, akazima kiyoyozi kwa sababu kinanguruma, jasho linamtoka, akaimba nyimbo zake kumi, tano upande huu na tano upande ule kama alivyofanya yule Mmarekani. Kati ya wimbo na wimbo anamwambia dada yake: "Asya, wimbo wa pili. Huu unaujua." "Asya, wimbo wa tatu, usicheke." Katika wimbo wa saba unasikia adhana ya alasiri inaanza, na yeye ananyamaza, kisha anasema, "Asya, tunaendelea baada ya sala."

Wa kwanza ni wa stesheni ya Tabora. Nitauandika kidogo:

*Treni ya Tabora haingoji mtu,*
*mama kasimama na chai mkononi,*
*chai imepoa, moshi umepanda,*
*na mimi nimekaa upande usio na dirisha.*

Na wa sita ni wa kofia, huu wanaupenda watu wote:

*Kofia ya bwana nimeshona miezi miwili,*
*kaivaa asubuhi, kapendeza mno,*
*kaenda nayo Sur, karudi kichwa kitupu,*
*kofia yangu inazunguka na teksi.*

Akanipa kanda. "Ami, hii mpe Asya mkononi. Usimpe mtu mwingine."

"Mkononi," nikasema.

Sinaw siyo njia ya Sur kwa mtu anayetoka Ibra. Lakini ilikuwa Jumatano, kesho yake Alkhamisi ndiyo siku ya soko la Sinaw, na mimi mbuzi siwezi kuwapita. Nikafika Sinaw asubuhi, jua tayari kali, kanda mfukoni. Nikaikumbuka ile sahani iliyojikunja. Nikasema moyoni, mzee, safari hii usifanye uzembe, inakili. Nikaingia duka la kanda pale sokoni, nikamwambia muuzaji anitolee nakala moja. Akasema iache, uje baada ya alasiri. Nikaiacha, nikaenda kutazama mbuzi. Baada ya alasiri nikachukua kanda mbili, moja nikampa Asya mkononi kama nilivyoagizwa, moja nikamrudishia Ghalia. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Haikunijia hata kidogo kwamba mwenye duka la kanda naye ana masikio.

Miaka miwili ikapita. Niko Sinaw, Alkhamisi tena, nimemshika mbuzi mdomo namtazama meno, mara kutoka kwenye pikapu ya Mbedui nasikia gitaa. Kisha nasikia: "Asya, wimbo wa tatu, usicheke." Nikamwachia mbuzi, akakimbia.

Yule Mbedui alikuwa kijana mnene, ameegemea mlango wa gari anakula tende. Nikamsalimia kwa Kiarabu, nikamuuliza nani huyo anayeimba.

"Asya," akasema.

"Asya nani?"

"Asya tu. Mwafrika. Kila mwanzo wa wimbo anajitaja jina. Unamjua?"

"Unaelewa anachosema?"

"Huyu wa sasa ni wa ngamia aliyepotea."

Ulikuwa wimbo wa mama yake Ghalia na maganda ya vitunguu. Nikamwambia, "Niuzie hiyo kanda."

"Siuzi."

"Nitakununulia nyingine mbili mpya."

"Mzee, mbuzi wangu nikikupa unamtaka? Chukua mbuzi. Asya simtoi. Njia ya mchangani ndefu, ntaongea na nani?"

Nikaenda dukani. Yule muuzaji wa zamani alikwisharudi kwao Kerala. Aliyepo akanionyesha rafu. Kulikuwa na mbili zimebaki, zimeandikwa kwa Kiarabu "Nyimbo za Afrika", na jalada lake ni picha ya twiga. Twiga, nakwambieni! Nikazichukua. Nikaanza kuzunguka. Sikusema na mtu. Nizwa nikaipata moja kwa muuza majani ya chai, Izki nikaipata moja kwa dereva wa lori la maji aliyenipa bure kwa sababu imeanza kukwaruza. Nyingine nilizisikia zikipita barabarani ndani ya magari, na mtu wa miguu hawezi kulifukuza gari. Baada ya miezi miwili nilikuwa na kanda nne, na nikaelewa kwamba sitazimaliza.

Nikaenda Ibra, Marzouq yuko kazini. Nikaziweka zote nne mbele ya Ghalia, juu ya kofia aliyokuwa akiishona, nikamweleza tangu mbuzi wa kwanza mpaka wa mwisho. Akamtazama twiga muda mrefu.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Nani?"

"Wanaosikiliza. Wanasemaje?"

"Wanasema unaitwa Asya."

Akacheka mpaka sindano ikamchoma. Akataka nimweleze yule Mbedui amekaa vipi, anasikiliza upande gani kwanza, kanda ikifika mwisho anaigeuza au anairudisha nyuma. Nikamwambia anairudisha nyuma. Hapo akajifunga mtandio vizuri.

"Marzouq akisikia njiani itakuwa mbaya zaidi," akasema. "Leo namwambia."

"Nitasema mimi. Kosa langu."

"Tutasema wawili."

Marzouq alirudi, akala, akanawa. Tukamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu. Mimi nikasema mara tatu kwamba Ghalia hana kosa, ni mimi. Akasema:

"Ami, nimekusikia. Lakini nilichokitaja siku ile ni gitaa. Sikutaja nani atakayekosea."

Akainuka, akalichukua gitaa, akalipeleka stoo ya tende, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye funguo zake za ofisini. Zile kanda nne akazichukua pia, akasema atazichoma. Ghalia aliokota kofia yake, akatafuta pale alipoachia.

Sasa mtadhani nyumba ile iligeuka vita. Haikugeuka. Walisalimiana, walikula pamoja, walikwenda Sur kumtazama Asya. Ila Ghalia aliacha kuimba hata kwa mdomo mtupu. Alikuwa na tabia ya kuvuma wimbo puani kidogo akishona, hata hiyo akaiacha. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Ami, nikianza kuvuma nataka gitaa. Bora nisianze." Kofia zake za miaka ile ni nzuri kupita zote, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Binti yao Alyaa, ambaye alizaliwa huku na Kiswahili chake cha kuokota, alinivuta pembeni siku moja:

"Ami, ile gitaa imefanya nini mpaka ikafungwa? Mama hana sema kitu. Baba hana sema kitu."

"Muulize baba yako."

"Nimeuliza. Amesema khalas."

Ndivyo ilivyokwenda miaka miwili na ushei, mpaka alipokuja kuposwa huyo Alyaa.

Mposaji ni Azzan, kijana wa Nizwa, mhandisi wa barabara. Baba yake Soud, mama yake Wadha, watu wa Unguja, wa Malindi, na Bi Wadha ukikaa naye dakika tano utakuwa umeshaambiwa hilo mara mbili. Wakaja Ibra kwa mazungumzo. Wanaume tukakaa majlisi, wanawake chumba cha pili, na kati yetu kuna ukuta, juu ya ukuta kuna kidirisha cha kupitishia hewa. Wakisema kwa sauti ya kawaida husikii. Lakini Bi Wadha hana sauti ya kawaida.

Marzouq alikuwa anamimina kahawa. Mara tukasikia kule ndani:

"Mambo ya wanaume watazungumza wanaume. Mimi nina ombi langu moja tu, bi Ghalia, na usinikatalie."

"Sema, bi Wadha."

"Siku ya wanawake sitaki wale wapigaji wa kukodi wanaotutia uziwi na vipaza sauti. Mimi namtaka Asya."

"Asya yupi?"

"Asya wa kanda! Usinambie humjui. Ile kanda ya twiga. Mwanamke wa bara, wa karibu na nyinyi lazima, Kiswahili chake kile kile chenu cha kusema kitu peupe kama anauza vitunguu. Mwanzo nilimcheka. Nikasema huyu anaimba au anatoa habari? Sasa, wallahi, nikiosha vyombo bila yeye havitakati. Ule wa stesheni umeniliza, mimi ambaye treni sijapata kuipanda."

Soud akajikohoza, akatuambia kwa upole, "Msituhesabie kosa. Mke wangu akipenda kitu, mtaa mzima unajua."

Kisha Ghalia:

"Huyo haimbi tena."

"Kafa?"

"Hajafa. Mumewe kalifungia gitaa."

"Mume?" Sauti ya Bi Wadha ikapanda mpaka kidirisha kikatikisika, au niliona hivyo. "Mume gani huyo? Kalifungia wapi?"

"Stoo ya tende."

"Basi mimi nikimpata huyo mume namfungia yeye stoo, namtilia maji kwa tundu la ufunguo! Anaitwa nani? Wa wapi?"

Mnajua kahawa yetu ya huku inavyomiminwa, kidogo chini ya kikombe, mgeni akitaka anaongezwa. Ukimjazia mgeni kikombe mpaka juu umemwambia anywe aondoke. Marzouq alikuwa amemshikia Soud kikombe, macho yake kwenye zulia, na mkono unamimina. Kikajaa. Kikamwagika kwenye vidole vyake. Soud akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Bi Wadha," tukasikia Ghalia, wala hakupandisha sauti, lakini kule kulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kila neno. "Asya ni dada yangu, yuko Sur, kuimba hajui hata kidogo. Ile ilikuwa barua yake. Anayeimba ni mimi. Na mume unayemtaka yuko upande wa pili wa ukuta anawapa kahawa wenzako."

Kisha Bi Wadha akasema, sasa kwa sauti ndogo ambayo nadhani hajaitumia tangu azaliwe, "Yarabi, toba." Na mwanamke mmoja kule ndani akaanza kucheka, kisha wote.

Soud akachukua kitambaa, akamfuta Marzouq vidole mwenyewe, kama mtu anayemfuta mtoto. Hakuwa na kejeli.

"Sheikh Marzouq," akasema, "kwangu kanda ile imekuwa saa. Ikifika wimbo wa kofia najua chakula kimeiva. Sikujua ni ya nyumba hii. Ningejua nisingesikiliza. Nisamehe."

"Huna kosa," Marzouq akasema. "Nilitoa neno langu mbele ya shahidi."

"Yuko wapi huyo shahidi?"

"Huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka miwili.

"Shahidi ni mimi," nikasema. "Na aliyeitoa sauti nje ni mimi huyuhuyu, niliiacha dukani nikaenda kutazama mbuzi. Marzouq, ulimfungia gitaa mwenye barua, na mimi mpeleka barua nala chakula chako kila mwezi. Kama neno ni neno, nifungie na mimi mlango."

Marzouq alimimina kahawa upya, safari hii kidogo, akampa Soud. Mazungumzo ya posa yakaendelea, yakakubaliwa, siku ikawekwa baada ya mwezi mmoja. Kuhusu gitaa, hakuna aliyeuliza tena, lakini Bi Wadha alipokuwa anapanda gari alisema kwa hewa tu, bila kumtazama mtu, "Nimeomba kitu kimoja."

Nikabaki Ibra, nilitaka kuona. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili Marzouq akaomba ruhusa kazini, akaenda Muscat kutwa nzima, akarudi na bahasha ndogo. Akaiweka mbele ya Ghalia, na juu yake ufunguo wa stoo.

"Nyuzi," akasema. "Zile zitakuwa zimeoza."

Ghalia akafungua bahasha, akazitoa, akazivuta kidogo kati ya vidole. "Baba Alyaa," akasema, "hizi ni nyuzi za udi."

"Udi si kama gitaa?"

"Si kama gitaa."

"Muuzaji aliniuliza, nikaona haya kusema ni za gitaa la mke wangu. Nikasema nyuzi."

Ghalia akamtazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika muda wote ule nilimwona anamcheka mumewe usoni. Kesho yake Marzouq akaenda Muscat tena.

Siku ya wanawake ilifanyika nyumbani, uani, baada ya alasiri. Sisi wanaume tulikuwa ng'ambo ya barabara, wengine kwenye mikeka, na mimi nimekaa ndani ya gari la Marzouq kwa sababu miguu siku hizi inaniuma. Yeye alikuwa kwenye usukani. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kinaunguruma. Baada ya muda akazima kiyoyozi. Akateremsha kioo cha upande wake, vidole viwili hivi.

Tulisikia gitaa, kisha Ghalia. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya kwenye kanda, miaka miwili bila kuimba ilikuwa imeiongezea kitu, au imeipunguzia, mimi si mjuzi. Stesheni ya Tabora. Mama na maganda ya vitunguu. Wanawake walikuwa wanaitikia, na juu ya wote Bi Wadha. Wanaume wa kwenye mikeka wakajifanya hawasikii, wakawa wanazungumza habari ya mvua. Marzouq hakuwaambia wasogee.

Ulipofika wimbo wa kofia akainamisha kichwa.

"Hapo kabadilisha," akasema.

"Wapi?"

"Kofia ilipotea kwenye teksi ya Sur. Leo kasema nimekwenda Nizwa. Anawafurahisha wakwe."

Nikaufikiria huo wimbo. Harusi za wanawake hakuwahi kuingia. Nyumbani hakuwahi kumwomba aimbe. Gitaa lilipotoka stoo Ghalia alikuwa amelipiga yeye akiwa ofisini, kama zamani.

"Marzouq," nikasema, "zile kanda nne. Ulisema utazichoma."

Alikuwa bado anasikiliza. Alinyoosha mkono, akafungua kidroo cha mbele ya miguu yangu, akatoa kitambaa cha karatasi, akajifuta jasho la shingoni. Kidroo alikiacha wazi. Nikamwona twiga.

"Nilichoma tatu," akasema. "Nyumba ilikuwa kimya sana, Ami."

Akateremsha kioo mpaka chini.